Elfu Thelathini za Kijana wa Eastlands: Viza ya Ulaya au Basi la Kigali?

Elfu thelathini si pesa za kuchezea mtaani. Kayole au Dandora, hiyo ni kodi ya chumba kimoja kwa miezi kadhaa, au mtaji wa kibanda cha chapati. Kijana wa Umoja anayefanya vibarua na kuweka akiba kwenye chama anaweza kuikusanya kwa mwaka mmoja, akijibana. Tuseme ameipata, na anachokitaka si simu mpya wala deposti ya pikipiki. Anataka kubeba begi mgongoni, avuke mpaka, akae na vijana wenzake wa nchi nyingine na afanye nao kazi ya kujitolea. Pesa hiyo itamfikisha wapi? Na kama haitoshi, nani atamwongezea?

Hukumu yangu naitoa mapema. Anayekutaka utoe pesa tu, bila kuuliza umewahi kumfanyia nani nini, anakuuzia ziara. Anayekudai barua ya kikundi chako na jina la mtu mzima anayekufahamu, mara nyingi ndiye anayelipa nauli. Vijana wa Eastlands huhangaika kutafuta pesa za kumpa yule wa kwanza, na barua ya kumpa wa pili wanayo karibu, tena hawajui kwamba ina thamani.

Tuanze na ndoto iliyozoeleka, yaani Ulaya.

Hesabu ya Ulaya kabla hata ya ndege

Pasipoti ya Kenya ya kurasa 34, ambayo zamani ilikuwa Sh4,500 hivi, ilipandishwa mwaka 2024 hadi Sh7,500. Viza fupi ya nchi za Schengen ilipanda Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi 90, yaani kama Sh13,500. Juu yake kuna ada ya kampuni inayopokea fomu kwa niaba ya ubalozi, na bima ya safari ambayo lazima igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000. Jumlisha nauli za kwenda mjini na kurudi, picha, na kuchapisha makaratasi saiba. Hujakanyaga uwanja wa ndege na tayari umekaribia Sh25,000 au umeipita. Ukinyimwa viza, ada haikurudii. Kinachobaki mkononi ni pasipoti, ambayo angalau itakufaa miaka 10.

Na mara nyingi kinachomwangusha kijana wetu si ada. Ni taarifa ya benki ya miezi kadhaa, barua ya mwajiri, na ushahidi kwamba ana sababu ya kurudi nyumbani. Anayelipwa kwa M-Pesa, leo elfu moja ya kupaka rangi nyumba Donholm, kesho mia tano ya kupakua mizigo Gikomba, anaweza kuwa na sababu mia moja za kurudi Kayole na asiwe na karatasi hata moja inayozionyesha. Tiketi ya ndege yenyewe, ambayo kwa kawaida hupita Sh80,000 kwenda na kurudi, inakuja baada ya vizuizi hivyo vyote.

Jambo moja wengi hawalijui hadi wamefika kwenye dawati la uhamiaji: viza ya kitalii si ruhusa ya kufanya kazi, na nchi nyingi huhesabu kazi ya kubadilishana na chakula na kitanda kuwa kazi. Uingereza angalau imeandika wazi. Mgeni mwenye viza ya kawaida anaruhusiwa kujitolea kwa muda usiozidi siku 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Kwingineko sheria hutofautiana, na afisa anayekuuliza unakwenda kufanya nini anajua tofauti hizo kuliko wewe.

Mgeni anayekuja kwetu hapitii haya. Tangu Januari 2024 Kenya ilipoondoa viza na kuleta kibali cha kielektroniki, anajaza fomu kwenye simu, analipa dola 30 na ushee, na baada ya siku chache yuko Eastleigh akitafuta mandazi. Silalamiki. Nasema tu kwamba mashauri ya safari yaliyoandikiwa yeye hayatakufaa wewe, na intaneti imejaa mashauri yaliyoandikiwa yeye.

Kitambulisho na basi

Sasa elekeza macho magharibi. Tangu mwaka 2014, Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Hiki hiki unachoonyesha askari akikusimamisha usiku. Hakuna viza, hakuna taarifa ya benki, hakuna anayekuuliza mwajiri. Unachohitaji zaidi ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linakitambua kwa maisha yako yote, kwa hiyo unalipia mara moja na kusahau. Kihifadhi vizuri, maana kukipoteza ni kulipa tena.

Mabasi ya Kampala huondokea maeneo ya River Road na Accra Road. Mengi hutoka jioni na kufika asubuhi, kupitia Busia au Malaba, safari ya kilomita 650 hivi. Nauli hubadilika na msimu, na Disemba huwa na wazimu wake, lakini siku za kawaida ni nadra kuzidi Sh4,000. Kutoka Kampala hadi Kigali ni kama kilomita 500, na nauli yake ni ndogo kuliko ya Nairobi hadi Kampala. Mpaka wa Gatuna uliofungwa mwaka 2019, serikali za Uganda na Rwanda zilipokosana, ulifunguliwa tena Januari 2022. Ukiwa mpakani, pitia dirisha la uhamiaji pande zote mbili hata makanga akikuharakisha. Njia za panya za Busia ni rahisi kuingilia, ila ukipata shida upande wa pili utakuwa mtu ambaye hakuingia popote.

Ningepanga hivi. Mabasi yote ya kwenda na kurudi, Sh12,000. Chakula cha wiki tatu, kwa mtu asiyedharau rolex ya barabarani Kampala, mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati, Sh12,000. Inabaki 6,000 ya chanjo, laini ya simu, boda na dharura. Hapo hujalipia pa kulala, na hapo ndipo kujitolea kunapoingia kwenye hesabu. Kitanda cha bweni katika hosteli ya wasafiri Kampala au Kigali ni kama dola 10 hadi 15 kwa usiku. Kwa wiki tatu hizo ni Sh27,000 na kuendelea. Ukilala kwa kulipia, bajeti yako inakaribia kuwa maradufu. Ukipata mwenyeji, umemaliza safari nzima kwa pesa ambazo mwenzako amezitumia kuombea viza.

Kigali ina kitu ambacho hakuna shirika linaloweza kukuuzia. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kazi ya jamii ambayo kila mkazi mwenye afya wa umri wa miaka 18 hadi 65 anatakiwa kushiriki. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka yanafungwa, magari yanasimama, na mtaa mzima unatoka na majembe na mafagio: kuzibua mitaro, kupanda miti, kutengeneza njia. Mgeni anakaribishwa. Baada ya kazi kuna mkutano wa mtaa. Hulipi ada, hujazi fomu, na vijana unaokutana nao hapo ni wa mtaa wenyewe, si wasafiri wenzako. Aliyewahi kusafisha mtaro Korogocho Jumamosi asubuhi atajua la kufanya bila kuelekezwa.

Kama hujui Kinyarwanda, anzia Nyamirambo. Ndio mtaa wa Waislamu wa zamani wa Kigali, na Kiswahili kimezungumzwa pale vizazi na vizazi, kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Kuna kituo cha wanawake kilichoanzishwa 2007, Nyamirambo Women's Center, kinachotembeza wageni mtaani na kufundisha ushonaji. Matembezi hayo yanalipiwa, lakini pesa inabaki mtaani, na ni njia nzuri ya siku ya kwanza kujua nani ni nani. Kampala ni tofauti. Kiswahili pale wengi bado wanakihusisha na wanajeshi, vijana huongea Luganda na Kiingereza, na Sheng ya Buruburu haitakufikisha hata kona ya kwanza ya Kamwokya. Jifunze salamu za Luganda ndani ya basi. Ni ndefu, na ndiyo maana zinapendeza.

Mambo mawili madogo ya Rwanda, kwa sababu yamewaponza wengi. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo basi la kurudi usilipangie kwa saa ya Nairobi. Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kule tangu 2008, miaka tisa kabla yetu; nguo zako usizifunge kwenye nailoni.

Na Tanzania? Kitambulisho peke yake hakitoshi. Utahitaji pasipoti au karatasi ya muda ya kusafiria ndani ya Afrika Mashariki, ambayo ni nafuu sana kuliko pasipoti. Kutembea huhitaji viza. Ila Tanzania wanaichukulia kazi ya kujitolea kwa uzito: mgeni anayejitolea anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C, na kibali hicho kinaombwa kupitia shirika linalokupokea. Kwa hiyo Arusha, Dar au Zanzibar nenda ukatembee, ukapige mpira wa jioni, ukae vijiweni. Kazi ya wiki tatu shuleni au kituoni bila kibali iache. Na ukifika Dar, usiseme "nipe chai". Sema "naomba chai". Utahudumiwa haraka zaidi, na hutajulikana umetoka wapi kabla hujaketi.

Kitanda kwa kazi

Njia ya kumpata mwenyeji inayotajwa sana ni mitandao kama Workaway, iliyoanza mwaka 2002, na Worldpackers. Unalipa ada ya mwaka isiyofika dola 100, unaona orodha ya wenyeji dunia nzima, unaandikiana nao. Makubaliano ya kawaida ni kama saa 5 za kazi kwa siku, siku 5 kwa wiki, na wewe unapewa kitanda na pengine chakula. Wenye mashamba wana mtandao wao wa zamani zaidi, WWOOF, ulioanzia Uingereza mwaka 1971.

Kwa mfuko, njia hii si mbaya. Ukikaa wiki tatu Uganda bila kulipia bweni, ada ya mwaka umeirudisha mara tatu. Lakini soma orodha yenyewe kwa jicho la mtu wa soko. Wenyeji wengi wa miji ya Afrika Mashariki ni hosteli zinazotaka mtu wa mapokezi anayejua Kiingereza vizuri, au shule ndogo na vituo vya watoto vinavyotaka mgeni mwenye kamera na marafiki wa kuchangia. Ukipata nafasi ya hosteli, jioni zako utakaa na Mholanzi na Mkanada. Ni watu wazuri, ila hukutoka Komarock kwenda Jinja ili ukutane na Mholanzi. Wa namna hiyo wamejaa Westlands, nauli ya matatu mbili tu.

Kuna pia ubaguzi usioandikwa popote. Baadhi ya wenyeji wanataka "mgeni wa kimataifa" kwa maana ya mzungu, na barua ya kijana Mkenya haijibiwi. Ndiyo maana usilipie mtandao wowote kabla hujaangalia, bila kujisajili kama unaweza, ni wenyeji wangapi wa nchi unayoitaka wamewahi kupokea Waafrika. Maoni ya waliokaa huonekana, na picha zao pia.

Njia ya pili ni kambi za kazi, na hii naona imesahauliwa bila sababu. Historia yake ni ndefu: mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole alikusanya vijana wa nchi zilizokuwa zimetoka kupigana, wakajenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, mahali ambapo baba na kaka zao walikuwa wameuana. Kutokana na kambi ile lilizaliwa shirika la Service Civil International. Kenya ina mtoto wa ukoo huo, Kenya Voluntary Development Association, iliyoanzishwa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na makao yake yako hapa Nairobi. Inaandaa kambi za wiki tatu hivi vijijini: madarasa, vyoo, miti, mabomba ya maji. Washiriki ni mchanganyiko wa Wakenya na vijana kutoka ng'ambo, na wote hulala sakafu moja na kupika kwa zamu.

Faida ya kambi kwa mtu mwenye pesa kidogo ni kwamba unakutana na dunia bila pasipoti. Mjapani na Mfaransa ndio walioombewa kibali. Wewe umepanda basi la Kakamega. Baada ya kambi moja unakuwa mtu anayejulikana ndani ya mtandao wenye washirika katika mabara mengi, na kambi ya ng'ambo utaiomba ukiwa na barua ya shirika la nyumbani. Kwa thamani ya kila shilingi, sijaona kilicho bora kwa mtu anayeanza.

Wanaokulipia

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu wengi hawaamini kwamba kuna programu zinazolipa kila kitu. Zipo, na hazifichwi.

Ujerumani ina weltwärts, mpango wa wizara yake ya ushirikiano wa maendeleo ulioanza 2008. Kwa miaka mitano ya kwanza ulikuwa wa upande mmoja: vijana wa Kijerumani wakija huku. Mwaka 2013 ukafunguliwa mlango wa pili, vijana wa nchi za kusini kwenda kufanya kazi ya kujitolea Ujerumani, kwa kawaida miezi 12. Umri ni miaka 18 hadi 28. Tiketi, bima, malazi, chakula, posho ya mfukoni na mafunzo ya lugha vinabebwa na mpango. Lakini hutumi maombi wewe mwenyewe kwa serikali ya Ujerumani. Unateuliwa na shirika la hapa nyumbani lenye mshirika kule. Kama hakuna shirika linalokujua, mlango huo hauuoni hata ukipita mbele yake.

Wanorwe wana Norec, ambayo hadi 2018 iliitwa FK Norway. Hii haishughuliki na mtu mmoja mmoja hata kidogo. Mashirika ndiyo yanayoingia mkataba wa kubadilishana vijana, na si lazima Norwe iwemo katika safari: Mkenya anaweza kwenda Uganda au Malawi kwa miezi mingi, na Mganda akaja hapa, gharama zikilipwa. Umoja wa Afrika nao una kikosi chake cha vijana wanaojitolea, kilichoanza 2010, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 35 na elimu ya juu kidogo kuliko ya sekondari. Unatumwa nchi nyingine ya Afrika kwa mwaka mmoja kwa tiketi, bima na posho. Umoja wa Mataifa una mpango wa namna hiyo wenye makao Bonn, ulioundwa 1970, wenye nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26. Kote huko kuomba ni bure. Mtu akikudai ada kwa jina la Umoja wa Mataifa, huyo ni tapeli. Hakuna haja ya kuchunguza zaidi.

Ukitaka ushahidi kwamba barua ya mtaa inaweza kuwa tiketi, usiende mbali. Mathare, mwaka 1987, Mkanada Bob Munro na vijana wa mtaa walianzisha Mathare Youth Sports Association, ambayo kila mtu anaiita MYSA. Sheria yao ilikuwa ya ajabu kwa ligi ya mpira: timu inaongezewa pointi kwenye jedwali ikitoka kuzoa taka mtaani. Unaweza kushinda mechi zote na ukakosa kombe kwa sababu ya mtaro. Timu zao zilifika Oslo kucheza Norway Cup katika miaka ya 1990. Kilichowapeleka ni kwamba kulikuwa na chama chenye rekodi ya kazi, chenye daftari la nani alikuja Jumamosi na nani hakuja.

Leo vikundi vya aina hiyo ni vingi zaidi kuliko wakati ule. Dandora, mradi wa makazi uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, ina vijana wa Dandora Transformation League waliogeuza nyua zilizojaa taka kuwa bustani, wakishindana bezi kwa bezi. Korogocho kuna Koch FM. Kaloleni na Makadara kuna maktaba za umma zilizokarabatiwa na Book Bunk. Nyingi za sehemu hizi hupokea vijana wa kujitolea, na huhitaji kulipa chochote kuanza Jumamosi ijayo. Baada ya miezi sita una kitu ambacho taarifa ya benki haiwezi kukupa: mtu wa kuandika, kwa jina lake na muhuri wake, kwamba ulikuja na ulifanya kazi. Na kama kikundi chako bado ni cha maskani tu, kisajilini. Tangu 2022 kuna sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii, na ofisi ya maendeleo ya jamii ndiyo inayoshughulikia. Bila cheti, shirika la nje halitajua limwandikie nani.

Kikundi chenye cheti kinaweza pia kufanya kile ambacho naona ni bora kuliko mitandao yote: kuandikiana moja kwa moja na kikundi cha Kampala au Kigali. Nyinyi watano mje kwetu Aprili, tuwalaze majumbani kwetu; sisi watano tutakuja Agosti. Gharama ni mabasi na chakula tu. Unalala kwa mama wa mwenzako, unakula anachokula, unajua bei ya sukari ya pale na ugomvi wa pale. Hakuna hosteli itakayokupa hilo.

Ada za broka

Kuna njia za pembeni ambazo mtaani huchanganywa na kujitolea. Au pair wa Ujerumani anakaa na familia, analea watoto kwa saa zisizozidi 30 kwa wiki, na anapata posho ya yuro 280 kwa mwezi, kama Sh40,000. Lazima uwe chini ya miaka 27 na uwe na Kijerumani cha kiwango cha A1. Utumishi wa hiari wa ndani ya Ujerumani, ulioanzishwa 2011 utumishi wa lazima jeshini uliposimamishwa, unapokea wageni pia kwa kazi za hospitali, nyumba za wazee na shule za watoto, kwa posho na bima. Unaweza kuiandikia taasisi husika moja kwa moja. Ada ya viza ya muda mrefu ni yuro 75, chini ya ile fupi ya kitalii. Gharama kubwa halisi ni masomo ya lugha na tiketi.

Lakini ukiuliza mtaani utaambiwa laki moja na nusu, laki mbili, hata zaidi. Hiyo tofauti ni ya broka. Mwingine anafanya kazi ya kweli: anakufundisha Kijerumani, anakutafutia familia, anakusaidia na fomu. Mlipie kazi hiyo, kwa risiti, kidogo kidogo kadiri inavyofanyika. Anayetaka pesa zote mbele, anayeshika pasipoti yako, anayekutumia mkataba usio na anwani ya taasisi, mwache. Kwa safari za kazi, Mamlaka ya Taifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa, na kuitazama ni bure. Cheti cha tabia njema cha DCI ni Sh1,050, na alama za vidole unaweza kutolea Huduma Centre ya Makadara. Broka akikuandikia elfu tano kwa cheti hicho, umeshajua bei zake zingine zikoje.

Watoto si kivutio

Neno moja kuhusu aina ya kazi, kwa sababu nalo lina gharama, ingawa halipwi na msafiri. Sisi wa Eastlands tumewaona wageni wa wiki mbili kwenye makao ya watoto: wanabeba mtoto, wanapigwa picha, wanalia siku ya kuondoka, na wiki inayofuata wanakuja wengine. Mtoto anajifunza kwamba kila anayempenda huondoka. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto Novemba 2017, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaelekeza mtoto alelewe katika familia. Australia, mwaka 2018, ilipotunga sheria yake ya kupinga utumwa wa kisasa, ililitambua pia tatizo la makao yanayokusanya watoto ili kuvutia wafadhili. Kwa hiyo ukiwa Kampala na mwenyeji akakuambia kazi yako ni kucheza na yatima wiki mbili, jiulize kama ungemkubalia Mjerumani afanye hivyo na mdogo wako. Chagua mpira, redio, bustani, ukuta wa kupaka rangi, kompyuta za kutengeneza. Kazi ambayo ukiondoka haiumizi mtu.

Nani achague nini

Mwenye elfu kumi asisafiri nje bado. Aombe kambi ya ndani. Mwenye elfu thelathini na kitambulisho achukue basi la Kampala, aendelee Kigali, apange kufika Ijumaa kabla ya umuganda, na awe ameshaandikiana na kikundi au mwenyeji kabla ya kukata tiketi. Pasipoti asiinunue kwa safari hiyo; Sh7,500 ni chakula cha siku nyingi. Mwenye kikundi kinachotambulika asitoe hata shilingi kwa kampuni ya ziara za kujitolea kabla hajauliza mashirika yenye washirika wa weltwärts na Norec, na aulize mapema, kwa sababu uteuzi hufanyika miezi mingi kabla ya safari. Mwenye laki mbili na hamu ya Ulaya pekee, anza na darasa la Kijerumani, uandikie taasisi mwenyewe, na tiketi inunue viza ikishagongwa.

Na ukichagua kubaki ili uwe mwenyeji, hilo nalo linahesabika. Kijana wa Nyamirambo naye ana kitambulisho cha taifa, na Nairobi anaingia nacho bila viza. Godoro la pili sebuleni ni pesa kidogo kuliko tiketi yoyote iliyotajwa hapa.